Mara ya Mwisho Kula kwa Edisa

"Mama Edisa, huyu wakili wako, mara ya mwisho kula chakula chako ilikuwa lini?"

Swali hilo tuliliacha likining'inia katika mahakama ya Kasese, na najua wapo kati yenu waliokaa nalo wiki nzima. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mkewe amegoma kupika mpaka alisikie jibu. Basi aweke sufuria jikoni, jibu hili hapa.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitamsimulia upesi yaliyopita. Edisa Kabugho ana hoteli ya chakula Bwera, kwenye barabara ya kwenda mpakani. Mwaka jana, kwenye mazishi ya mtu aitwaye Semu kule Kyarumba, kaka wa marehemu alishika kipaza sauti. Huyo kaka ni Yosamu, mfanyabiashara wa kahawa. Mbele ya watu mia nne akasema kwamba Semu alikula chakula cha Edisa mchana na jioni akafa.

Neno sumu hakulitaja. Hakuwa na haja nalo.

Tangu siku ile meza za Edisa zikawa za nzi. Akamshtaki Yosamu kwa kumchafulia jina. Wakili wake ni Nobert Masereka, mtoto wa Bwera, aliyekula katika hoteli hiyo tangu akivaa kaptula ya shule. Na anayeuliza swali ni Phionah, wakili wa Yosamu, mwanamke ambaye hainui sauti hata akikanyagwa.

Nobert aliruka kutoka kitini.

"Napinga, Mheshimiwa. Kesi hii hainihusu mimi."

"Pingamizi limekubaliwa," akasema hakimu. "Shahidi asijibu."

Lakini hayo yalisemwa kwa Kiingereza, na karani aliyemtafsiria Edisa kwa Lhukonzo alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kutafsiri swali. Edisa akasikia swali, hakusikia pingamizi. Akajibu kama mtu aliyeulizwa bei ya ndizi.

"Hajala tangu mazishi. Anakuja, namkaribisha, anaomba soda. Tena anataka niifungue mbele ya macho yake."

Karani kazi yake ni kutafsiri. Akatafsiri.

Msomaji wa mbali, labda wewe unaona soda tu hapo. Kwa watu hawa, anayekuletea chakula au kinywaji huonja kwanza yeye, ukimwona, halafu ndipo akupe. Ni heshima, na ni namna ya kusema usiogope. Sasa mtu akikuogopa kabisa, hata kuonja kwako hakumtoshi, hakwambii. Anasema ameshiba. Anasema tumbo linamsumbua. Au anaomba soda yenye kifuniko, na wote mliopo mnajua maana yake na mnazungumza habari za mvua.

Mahakama nzima ilijua. Kwenye benchi la nyuma mtu alikohoa ili asicheke.

Nobert akaketi. Akageuza kurasa za faili lake bila kuzisoma. Hakimu alikuwa amekubali pingamizi, ndiyo, lakini kalamu yake ilikuwa inaandika.

"Sina swali lingine," akasema Phionah.

Tumaini likabaki kwa Davis, mwenyekiti wa waendesha boda wa Bwera. Ofisini kwa Nobert mtu huyu alikuwa ameapa kwa marehemu mama yake kwamba atasema kila kitu. Alipanda kizimbani na koti lake la kuendeshea, kofia ya pikipiki kwapani.

"Bwana Davis, kabla ya mazishi ya Semu ulikuwa unakula wapi mchana?"

"Kwa mama Edisa. Kila siku ya Mungu."

"Na baada ya mazishi?"

"Nikaacha."

"Ieleze mahakama kwa nini uliacha."

Davis akamtazama Edisa. Edisa naye akamtazama, kwa macho yale yale aliyokuwa akimtazama nayo akimwongezea mchuzi bila kuombwa. Davis akahamisha kofia kutoka kwapa hili kwenda lile.

"Vidonda vya tumbo," akasema. "Daktari amenikataza mboga ya sombe."

Nobert alidhani amesikia vibaya.

"Mazishini, bwana Davis. Yosamu alisema nini?"

"Nilikuwa nyuma. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma."

Akafuata Mastula, muuza vitenge, jirani ya Edisa ukuta kwa ukuta. Yeye alisema ameanza kupika nyumbani, na akauliza kama kupika nyumbani kumekuwa kosa nchini Uganda. Hakimu akamwambia si kosa, ashuke.

Hapa nitamsema Nobert, na msinizuie. Kesi ya kuchafuliwa jina inataka mtu asimame aseme: nilisikia, nikaamini, nikamkimbia. Sasa nani atasimama mbele ya mwanamke aliyemlisha miaka kumi na miwili, amwambie nilidhani wewe ni muuaji? Watu wa Bwera wanaona aibu. Wako radhi kujipa vidonda vya tumbo. Wakili wa kutoka Kampala angeweza kusamehewa kwa kutolijua hilo, lakini Nobert alizaliwa pale pale. Alipaswa kutafuta ushahidi mwingine, usio na macho ya kumtazama Edisa.

Hakimu naye alifikiri hivyo hivyo.

"Wakili Masereka, kuna hati yoyote ya hospitali kuonyesha Semu alikufa na nini?"

Nobert akainuka.

"Hakuna, Mheshimiwa."

Alijibu kwa Kiingereza na kwa haraka. Karani hakutafsiri, maana hakuulizwa shahidi. Kwenye benchi, Edisa alikuwa akimtazama wakili wake na kutabasamu kidogo, akiamini ametoka kusema jambo zito.

Baada ya mapumziko hukumu ikasomwa, nayo haikumaliza dakika kumi.

"Watu mia nne walikuwa mazishini," hakimu akasema. "Wakili hakuniletea hata mmoja aliyesikia maneno. Hakuniletea mtu aliyeacha kula kwa sababu ya maneno hayo. Hakuniletea karatasi. Ameniletea mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Kesi imetupiliwa mbali."

Watu wakacheka. Nobert akakusanya mafaili akiwa ameinamisha kichwa, na faili moja likamponyoka, karatasi zikatawanyika sakafuni. Ilibidi azichote moja moja kati ya miguu ya watu waliokuwa wakitoka.

Edisa alimngoja nje, kivulini mwa ukuta.

"Tumeshinda?"

"Hapana, mama."

Edisa akajifunga upya leso kichwani. Kisha akauliza swali ambalo Nobert alikuwa akilikimbia tangu asubuhi.

"Na ile bahasha? Hakimu amesema nini juu ya ile bahasha?"

"Haikuwa na nguvu, mama."

"Aa." Edisa akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba mambo ya wasomi ni ya wasomi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umesumbuka sana juu yangu. Wasingya, mwana wangu."

Yaani akamshukuru. Nobert akatamani mama angempiga yeye kofi.

Ndiyo, kulikuwa na bahasha. Wiki zote hizi sikuwatajia, kwa sababu Nobert mwenyewe alikuwa amejikataza kuikumbuka. Mackline, mjane wa Semu, ndiye aliyeileta Bwera ndani ya kikapu cha maharage, akaisukuma mikononi mwa Edisa na kusema apewe wakili peke yake. Edisa hajui kusoma. Hakuwa na gundi pia, basi akachukua sindano ya kushonea magunia ya kahawa na uzi mwekundu, akaishona mdomo bahasha ile ya kaki mishono saba. Nobert akaipokea, akaitia katika droo ya chini, akafunga kwa ufunguo.

Kwa nini hakuifungua, tutalifikia.

Alikuwa akitafuta funguo za gari Phionah alipomsogelea, joho lake limekunjwa mkononi. Upande wa pili wa uwanja, Yosamu alikuwa amesimama kando ya pikapu yake. Kwa mtu aliyeshinda kesi hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa anatazama matairi.

"Naomba nikuulize kama mwenzangu kazini," Phionah akasema. "Anachoniambia mteja wangu siwezi kukuambia. Ila mimi nilijitayarisha miezi mingi kwa karatasi moja tu ya hospitali. Nilikuwa na kurasa nne za maswali juu yake. Hukuileta. Kwa nini?"

"Karatasi ipi?"

Phionah akamkazia macho.

"Masereka, usiniambie hujaiona."

Nobert aligeuka. Alikwenda ofisini kwa miguu, gari akaliacha pale pale mahakamani, na alipofika alilazimika kujaribu ufunguo mara tatu. Bahasha ilikuwa chini ya kalenda ya mwaka jana. Akakata uzi kwa wembe wa kuchongea penseli.

Ndani kulikuwa na karatasi moja ya hospitali, iliyokunjwa mara nne. Jina, Semu. Ugonjwa, ini, wa muda mrefu, anatapika damu. Amepokelewa saa tatu asubuhi. Chini yake daktari alikuwa ameandika na kupiga mstari: mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji kwa mdomo. Amefariki saa kumi na moja jioni. Aliyemleta, kaka yake, Yosamu. Na sahihi.

Nobert akasoma tena. Saa tatu asubuhi.

Edisa mwenyewe alikuwa amekiri mahakamani kwamba saa saba mchana wa siku ile Yosamu alikuja hotelini akaomba afungiwe chakula cha mgonjwa, naye akamfungia obundu, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa maharage. Kukiri huko kuliwazidishia watu hofu. Lakini saa saba Semu alikuwa kitandani mwa hospitali, mdomo umepigwa marufuku. Chakula kile hakukila. Na Yosamu, aliyetia sahihi karatasi, alilijua hilo alipokishika kipaza sauti.

Ushahidi wote, msomaji, katika karatasi moja. Ulikuwa katika droo, chini ya kalenda, miezi kumi na moja.

Nobert akaweka kichwa mezani. Alilia kidogo, na sitamtetea.

Kisha akafanya kile ambacho mawakili hufanya wakimaliza kulia: akaanza kupiga hesabu ya njia. Rufaa ilikuwa na siku thelathini. Mahakama Kuu hupokea karatasi mpya ikiwa haikuwezekana kupatikana mapema. Ikiwa wakili alikuwa nayo na akailalia, hilo ni jambo jingine, itabidi aape mbele ya watu aseme aliilalia, na kwa nini. Lakini nani anajua alikuwa nayo? Edisa hasomi, hakujua ndani ya bahasha mna nini. Mackline yuko juu mlimani. Ingetosha kusema imepatikana leo.

Akarudi kuchukua gari. Alipofika njia panda ya Kikorongo uongo ulikuwa umekamilika, na alipopita Kisinga alikuwa anauamini nusu.

Hotelini kwa Edisa kulikuwa na watu watano, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miezi mingi. Wasifikiri wenye haraka kwamba walikuja kula. Walikuja kupokea habari. Davis alikuwa mlangoni na kofia yake, hataki kuingia wala kuondoka. Mastula alikuwa ameegemea ukuta. Latif na Baker, madereva wa malori waliokuwa wakingoja foleni ya mpakani, walikuwa na soda zao, na Sadia mbadilisha fedha alikuwa na yake. Soda tatu, na vifuniko vitatu mezani.

"Wasibire, mama," Nobert akasalimu.

"Wasibire, mwana yangu." Edisa akafuta kiti kwa kitambaa. "Kaa. Leo uko na njaa, ao uko wa soda?"

Alisema bila kinyongo, kama utani wa nyumbani. Davis akatazama nje.

"Niko na njaa, mama."

Edisa akasimama palepale alipokuwa. Halafu akaingia jikoni, na wakasikia mwiko. Alirudi na obundu inayofuka moshi, sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki wa chumvi. Akaweka sahani mbele yake. Hakuonja.

Nobert alingoja.

"Unangoja nini? Wewe sikuonjei," Edisa akasema. "Mutoto ya nyumba hawamuonjei."

Nobert akanawa, akakata tonge, akachovya, akala. Watu watano wakamwangalia akimeza. Sombe ilikuwa na mawese na pilipili kama ile ya zamani, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililompa ujasiri wa kusema uongo.

"Mama, nimepata karatasi ya hospitali. Tutakata rufaa."

"Karatasi ya nani?"

"Ya Semu. Inasema alikufa na ini. Inasema aliingia hospitali asubuhi saa tatu, daktari akakataza asile kitu. Chakula chako hakukila kabisa."

Mastula akajitoa ukutani. Davis akaingia hatua moja ndani.

"Iko hivyo?" Edisa akauliza polepole. "Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

Edisa akajifunika mdomo kwa kitambaa kile alichofutia kiti. Mabega yakamtikisika. Sadia akasukuma soda yake kando na kumshika bega.

"Mungu iko," akasema Mastula. "Na hii karatasi umeipata wapi, Wakili?"

"Leo. Hospitalini. Nimehangaika nayo."

"Nionyeshe," akasema Edisa. "Sijui kusoma, lakini nataka niishike."

Nobert akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti. Karatasi alikuwa ameirudisha ndani ya bahasha ili isichafuke, mtu mwangalifu. Aliitoa bahasha kwanza, avute karatasi humo, na hapo hapo akajua amekwisha. Kwenye mdomo wa bahasha ile ya kaki uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia, mishono saba, imekatwa katikati.

Edisa aliutazama uzi. Akaushika kwa vidole viwili.

"Hii ni mukono yangu," akasema.

Latif akakiweka chini kifuniko alichokuwa akikichezea.

"Hii nilishona mimi, ile mwezi ya kuvuna kahawa. Nilikupa wewe. Umenifungulia leo?"

Nobert angeweza kusema neno. Alikuwa na maneno mengi, ndiyo kazi yake. Akayaacha yote mbele ya mtu anayeshika uzi wake mwenyewe.

"Leo, mama."

"Ulimuambia nini judge alipouliza?"

"Nilisema hakuna."

"Na mimi nilikuwa nakushukuru." Sauti yake haikupanda. "Juu ya nini haukufungua? Ilikuwa nzito?"

Hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na kesi yenyewe. Nobert alitazama sahani. Nusu ya obundu ilikuwa imeliwa, na alama za vidole vyake zilionekana.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa iseme ni sumu." Ilibidi apumue katikati. "Nilisema nisipofungua, sitajua. Nikisha kujua, nitakuteteaje? Mama, nilisimama pale mahakamani kukutetea, na mimi mwenyewe nilikuwa naamini. Tangu siku ya mazishi. Niliamini kabla ya hawa wote. Ile soda ilikuwa kweli."

Davis alikuwa ameinamisha kichwa. Mastula alikuwa akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake. Kila mmoja alikuwa na soda yake ya kukumbuka.

Edisa hakulia. Alivuta sahani ya Nobert upande wake. Akakata tonge kutoka pale alipokuwa amekata Nobert, akachovya sombe, akala. Alitafuna taratibu, akameza, akafungua mdomo kidogo ili Nobert aone kwamba umebaki mtupu. Alifanya kama wanavyofanyiwa wageni, watu wasiojulikana walikotoka. Halafu akairudisha sahani mbele ya Nobert.

"Kula sasa," akasema. "Nimekuonjea."

Nimewahi kuandika habari za watu waliopigwa, waliofungwa, waliofukuzwa nyumbani na mvua. Sijawahi kuandika habari za mtu aliyeadhibiwa kama Nobert kwa tonge lile moja. Alishika ukingo wa meza. Machozi yakadondoka kwenye sahani na hakuyafuta.

"Mama, nisamehe."

"Nitaona. Kwanza utaandika." Edisa akaenda kaunta akarudi na daftari la shule na kalamu. "Kesho tunapanda Kasese, mimi na wewe. Utaapa mbele ya ile judge, useme ile umesema hapa. Yote. Na ile ya soda. Andika."

"Nikiandika hivyo, mama, huenda nisiwe wakili tena."

"Mimi huu mwaka wote nimekuwa nani?"

Nobert akafungua daftari. Akaandika tarehe, akaifuta, akaandika ile ya mwezi wa kuvuna kahawa, siku aliyopewa bahasha. Alikuwa kwenye mstari wa tatu simu yake ilipolia juu ya meza. Wote wakaona jina. Mackline.

"Weka watu wote wasikie," Edisa akasema.

Nobert akabonyeza. Haikuwa sauti ya mwanamke.

"Wakili." Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyepanda mlima kwa haraka. "Ni Yosamu. Niko Kyarumba."

"Simu hiyo ni ya Mackline. Mackline yuko wapi?"

"Iko hapa. Analia. Sijamugusa." Akapumua. "Nimefungua sanduku ya Semu. Karatasi ya hospitali haiko. Mackline amesema uko nayo tangu mwaka jana. Mimi nikamuambia ni uongo, hakuna lawyer anaweza kuwa na ile karatasi na ashindwe. Sasa niambie wewe. Uko nayo?"

Watu watano na Edisa. Nobert alihisi macho yao shingoni.

"Niko nayo."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma leo."

"Leo," Yosamu akarudia. Hakucheka. "Wakili, nakuomba. Usiwasomee watu."

"Ilikaa kwenye droo yangu miezi kumi na moja, kwa sababu nilimdhania mama Edisa ameua," Nobert akasema. "Hiyo ndiyo aibu yangu, Yosamu, na watu wamekwisha kuisikia. Sasa sema yako."

Kwenye simu wakasikia upepo wa mlimani, na mbali kidogo, mwanamke akilia. Nobert alidhani itakatwa. Haikukatwa.

"Semu aliniomba nimupeleke hospitali," Yosamu akasema. "Siku tatu mbele ya ile siku. Alianza kutapika Jumatatu. Mimi nilikuwa na kahawa ya kupakia. Nilimuambia angoja lori iondoke."

"Angoja Alhamisi," akasema tena.

Edisa alikuwa amevuta kiti akaketi, kwa mara ya kwanza tangu Nobert aingie. Akainama karibu na simu.

"Na chakula yangu, Yosamu? Ile nilifunga ya mugonjwa?"

"Mama Edisa? Uko hapo?"

"Niko hapa. Niko na watu."

"Watu gani?"

Edisa akainua macho, akawatazama mmoja mmoja, bila kumwomba yeyote. Davis ndiye aliyesogea. Akaweka kofia yake juu ya meza, kando ya sahani, akainama juu ya simu.

"Ni Davis wa stendi," akasema. "Nasikia."

"Mastula, wa vitenge. Nasikia."

Sadia akasema jina lake. Latif akasema lake, na Baker lake, ingawa wao madereva Yosamu hawakuwa hata wakimjua.

"Endelea, Yosamu," akasema Edisa. "Chakula yangu nani alikula?"